Kaisari wa Siku 22

Wengi wetu Roma tuliijua kwanza kupitia Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963. Tukaona visu, tukaona damu, tukasikia hotuba kali mbele ya maiti, kisha pazia likafungwa na sisi tukadhani habari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Baada ya Kaizari yule walikuja wengine wengi waliolichukua jina lake likawa cheo. Wamo waliokuwa na busara, wamo wendawazimu, wamo watoto wadogo, na wamo waliopita kama manyunyu ya asubuhi, jua likatoka, ardhi ikakauka.

Leo tumzungumzie mmoja wa hao wa mwisho. Anaitwa Gordianus wa Pili. Alitawala pamoja na baba yake mwaka 238, na hesabu ya kawaida ya utawala wao ni siku 22. Mwezi haukutimia. Akiwa Kaisari hakulala Roma hata usiku mmoja. Hana kaburi, maana maiti yake haikuonekana. Na nchi aliyotawazwa, ndiyo hiyo hiyo aliyofia, ilikuwa Afrika.

Neno hilo lisikupite hivi hivi, ndugu msomaji. Wakati ule Afrika halikuwa jina la bara zima. Lilikuwa jimbo moja la Warumi, eneo ambalo leo ni Tunisia pamoja na sehemu za Libya na Aljeria, na mji wake mkuu ulikuwa Carthage. Jina likatanuka baadaye, karne kwa karne, mpaka likatufikia na sisi wa huku Bahari ya Hindi. Kwa hiyo watu wa habari hii walikuwa wakiitwa Waafrika zamani sana kabla yetu.

Utaniuliza, mtu wa siku 22 ana nini cha kuandikwa? Anacho. Alishindwa vitani vibaya mno, akafa, na miezi michache baadaye adui yake mkubwa, mtu aliyekuwa na majeshi yote ya mpaka wa kaskazini, akaangushwa kwa sababu ya zile siku 22. Hilo ni fumbo la kwanza. La pili linauma zaidi: waliolipa gharama ya ushindi ule si wao waliokula matunda yake.

JITU LA MPAKANI

Mwaka 235 askari waliokuwa kambini karibu na Mainz, katika Ujerumani ya leo, walimuua Kaisari wao kijana, Alexander Severus, pamoja na mama yake Julia Mamaea. Walimwona mwoga, mtu wa kununua amani kwa maadui, huku wao wenyewe hawapi kitu. Badala yake wakamweka mmoja wao, Maximinus, mzaliwa wa Thrace, aliyepanda vyeo jeshini kutoka chini kabisa. Waandishi wa kale wanamsimulia kama pande la mtu la kutisha, na hata sanamu zake zina taya la mtu asiyejua kucheka.

Maximinus alikuwa askari, akatawala kiaskari. Miaka yake yote mitatu ya utawala hakukanyaga Roma. Alipigana ng'ambo ya mto Rhine, kisha akahamia mto Danube, akaweka kituo chake Sirmium, katika Serbia ya leo. Askari aliwaongezea mishahara, kwa sababu alijua kilichomponza mwenzake. Mkono mtupu haulambwi.

Lakini fedha za vita hazioti kama uyoga. Alianza kuwakamua matajiri. Watumishi wake walipita majimboni wakitafuta makosa, na mwenye mali akifikishwa mahakamani, mali ilishahukumiwa kabla yake. Mwandishi Herodian, aliyeishi siku hizo hizo na kuandika kwa Kigiriki, anasema jambo ambalo mtu wa mtaani ataliamini mara moja: matajiri walipokuwa wanaliwa, walalahoi hawakulia nao. Wengine hata walifurahi moyoni. Kelele zilianza pale Maximinus alipogusa fedha za miji, zile za chakula cha wananchi na za michezo, halafu akachukua mapambo ya dhahabu na fedha ya mahekalu ayayeyushe kuwa sarafu. Hapo kila mtu akajiona kaibiwa yeye.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 238 dola ilikuwa kama paa la makuti wakati wa kiangazi. Kilichobaki ni cheche.

VIJANA WA THYSDRUS

Cheche ilitoka mji wa Thysdrus, ambao leo unaitwa El Djem, nchini Tunisia. Ukienda huko utakuta uwanja wa michezo wa mawe uliojengwa karne ya 3, wenye nafasi ya watu wapatao 35,000. UNESCO waliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Watu huuliza, uwanja mkubwa namna ile katikati ya tambarare kavu, fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mizeituni. Thysdrus ulikuwa mji wa mafuta ya zeituni, na mafuta ya Afrika yalivuka bahari kwenda kuwalisha na kuwaangazia watu wa Roma.

Penye mafuta hapakosi nzi. Ofisa wa fedha wa Maximinus katika jimbo lile alikuwa mtu wa kutaka kumpendeza bwana wake. Akawatoza baadhi ya vijana wa pale, watoto wa familia zenye mashamba, faini kubwa ambayo ingewanyang'anya urithi wa baba na babu zao. Vijana wakaomba siku tatu wazitafute hizo fedha. Wakapewa.

Siku tatu zile hawakutafuta fedha. Waliwatumia ujumbe wakulima na watumwa wa mashambani kwao: njooni mjini usiku, kila mtu na rungu lake au shoka lake, mlifiche ndani ya nguo. Alfajiri mji ukajaa watu wa shamba, na kwa kuwa ni mji wa biashara, hakuna aliyeshtuka. Vijana wakaenda kwa ofisa kana kwamba wanapeleka malipo. Wakamchoma majambia. Walinzi wake walipochomoa panga, wale watu wa shamba wakatoa marungu, na walinzi wakala kona.

Sasa angalia akili ya vijana wale baada ya damu kumwagika. Walijua hawarudi nyuma. Kumuua ofisa wa Kaisari adhabu yake ni moja, na haina rufaa. Njia pekee ya kupona ilikuwa kuliingiza jimbo zima katika kosa lao, liwe si kosa tena bali mapinduzi. Kwa hilo walihitaji jina kubwa, na jina kubwa lilikuwapo mjini mle mle.

MZEE NA MWANAWE

Gavana wa jimbo, Marcus Antonius Gordianus, alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Alikuwa mtu wa ukoo, aliyeshika vyeo vingi, na anayependwa. Siku ile mchana alikuwa amejilaza nyumbani, anapumzika, mara mlango ukavunjwa na umati ukamwagika ndani. Mzee alidhani wamekuja kumuua. Badala ya kumchoma wakamtupia vazi la zambarau, rangi ya Kaisari, wakaanza kumwita Augustus.

Mzee akajitupa chini, akawaomba wamwache. Herodian anasema mmoja wa vijana akamweleza hesabu bila kupindapinda: ukikubali, kifo ni bahati nasibu ya kesho, ukikataa, kifo ni sasa hivi na ni mikononi mwetu. Mzee akakubali. Wengine wanasema pia kwamba moyoni hakuchukia sana, maana hata uzee hauzimi tamaa ya kuvaa zambarau. Mimi hilo nawaachia wasomaji.

Hapo ndipo anaingia mtu wetu. Mzee wa miaka 80 hawezi kubeba vita peke yake. Mwanawe, mwenye jina lile lile la Gordianus, alikuwa naye Afrika kama msaidizi wake wa kazi. Akatawazwa pamoja naye, Kaisari wawili, baba na mwana. Mwana hakuchaguliwa na vijana kwa sifa zake, wala historia haimwoneshi akipigania cheo. Aliingia katika utawala kama mtu anayeingia ndani ya nyumba inayoungua kwa sababu baba yake yumo.

Waliongeza jina jipya: Africanus. Hapa kuna kichekesho cha historia. Zaidi ya miaka 400 kabla ya hapo, jenerali wa Roma aitwaye Scipio alipewa jina hilo hilo kwa kuwa aliishinda Carthage ya Hannibal. Scipio aliitwa Mwafrika kwa kuwapiga Waafrika. Akina Gordianus waliitwa hivyo kwa kuinuliwa na Waafrika.

Msafara ukatoka Thysdrus kwenda Carthage, mji mkubwa, tajiri, uliokuwa ukishindana na Alexandria kwa nafasi ya pili baada ya Roma. Wakaingia na fahari zote za Kaisari: moto ukitangulizwa mbele, fimbo za enzi zimevikwa majani ya ushindi, vijana warefu wenye sura nzuri wakisindikiza mithili ya walinzi wa ikulu. Kwa siku chache Carthage ikawa Roma ndogo. Ukitazama kwa mbali ungesema hakuna kilichopungua. Kilichopungua ni jeshi.

BARUA ILIYOVUKA BAHARI

Jeshi hawakuwa nalo, ila walikuwa na kalamu. Barua zilivuka bahari kwenda Roma, kwa Seneti na kwa wakubwa waliomchukia Maximinus kimya kimya. Ziliahidi kufukuzwa kwa wachongezi, kusikilizwa upya kwa waliohukumiwa bila haki, na zawadi nono kwa askari. Lakini kabla ya barua kusomwa kulikuwa na kizingiti: Vitalianus, mkuu wa kikosi cha walinzi aliyeachwa Roma na Maximinus, mtu katili. Wakatumwa watu wachache wenye moyo, na barua zilizofungwa kwa lakiri. Walijifanya wametoka kwa Maximinus na siri za haraka. Vitalianus alipoinama kuitazama ile lakiri, wakamuua.

Halafu ukaachiwa uvumi kwamba Maximinus mwenyewe amekufa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini mji mzima uliupokea kwa jinsi ulivyoutamani. Watu wakaingia mitaani, sanamu zikaangushwa, watumishi wa Maximinus wakasakwa na kuuawa, na humo humo wadeni wakawaua waliokuwa wakiwadai. Mkuu wa mji, Sabinus, alipojaribu kutuliza ghasia alipigwa rungu la kichwa akafa.

Seneti ikakutana. Ikawatambua baba na mwana kuwa Kaisari halali, ikamtangaza Maximinus adui wa taifa, ikaandika barua kwa magavana wa majimbo kuwataka wachague upande. Ikateua kamati ya watu 20 wa kuilinda Italia. Mafundi wa sarafu nao wakaingia kazini. Sarafu za akina Gordianus ziligongwa Roma, mji ambao hawakuuona tena, na kwa kuwa baba na mwana walikuwa na jina moja, maandishi ni yale yale kwa wote wawili. Anayetaka kuwatofautisha lazima atazame uso. Nyingine zina maneno ya Kilatini yenye maana ya Usalama, nyingine Ushindi.

Tafadhali shika neno hili, maana ndilo linalofungua lile fumbo la kwanza. Wakati maseneta wanapiga kura, walikuwa wanafanya walichofanya vijana wa Thysdrus. Walikuwa wanachoma daraja walilovukia. Kuanzia hapo, hata kama akina Gordianus wangetoweka, Seneti isingeweza kumwandikia Maximinus kusema samahani bwana, tulikosea.

MARUNGU NA LEJIONI

Magharibi ya Carthage, katika Numidia, Aljeria ya leo, kulikuwa na lejioni ya Tatu Augusta, yenye kambi yake Lambaesis. Ndiyo iliyokuwa lejioni pekee ya upande ule, askari waliozoea kupambana na watu wa jangwani. Mkuu wake alikuwa Capelianus, seneta aliyewekwa pale na Maximinus. Huyu na mzee Gordianus walikuwa na kesi ya zamani mahakamani. Sasa mzee, alipopata ukubwa, akamtuma mtu kwenda kumvua ugavana na kumwamuru aondoke. Fikiria! Unaye jirani mwenye silaha, tena mna ugomvi, halafu unamfukuza kazi kwa karatasi. Capelianus akakusanya lejioni yake na wapanda farasi wa Kinumidia, akashuka Carthage.

Carthage ikatoka kupigana. Hakuna anayeweza kuwalaumu kwa uoga. Umati mkubwa ulimwagika nje ya malango, na mbele yao akasimama Gordianus mdogo, maana mzee hakuwa wa kwenda vitani. Walikuwa wengi kuliko adui. Ila Herodian anaorodhesha silaha zao, na orodha hiyo inatosha kueleza vita nzima: mmoja ana kisu kifupi cha nyumbani, mwingine shoka, mwingine mkuki wa kuwindia. Ngao walizitengeneza kwa ngozi na mbao zozote zilizopatikana, kila mtu na umbo lake. Mbele yao walisimama watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuua kwa mpangilio.

Wanumidia walikuwa mabingwa wa kurusha mikuki wakiwa juu ya farasi wasio na lijamu. Waliporusha mvua ya kwanza, umati ukavunjika. Kilichofuata hakikuwa vita, ilikuwa patashika. Watu walikimbilia malangoni, malango ni membamba, na wengi zaidi walikufa kwa kukanyagwa na wenzao kuliko kwa mikuki ya adui. Miili ikarundikana. Katika rundo hilo alikuwamo Gordianus wa Pili, Kaisari wa Roma, na miili ilikuwa mingi kiasi kwamba wake haukutambuliwa.

Baba yake akajinyonga kwa mshipi wake. Siku 22 zikaisha hapo. Capelianus akaingia mjini, akawaua wakubwa waliosalia, akapora mahekalu na mali za watu, kisha akaipitia miji mingine ya jimbo iliyokuwa imeangusha sanamu za Maximinus. Wenye majina aliwaua. Wasio na majina aliwafukuza, akawachomea mashamba na vijiji.

MAREHEMU AMEPIGANA

Dua la kuku halimpati mwewe, ndivyo tulivyozoea kusema. Basi habari zilipofika Roma kila mtu aliwaza hivyo. Kuku wamekufa, mwewe yu hai, na tena amekwisha pata habari na yuko njiani anakuja na majeshi ya Danube.

Lakini Seneti haikuwa na pa kurudi. Hofu ile ile ikawapa ujasiri. Wakajifungia katika hekalu la Jupiter, wakachagua wazee wawili wa kutawala pamoja, Pupienus na Balbinus. Nje umati ukakataa. Ukawarushia mawe na fimbo, ukitaka mtu wa damu ya Gordianus. Ikabidi aletwe mjukuu wa yule mzee, mtoto wa binti yake, kijana wa miaka 13, akapewa cheo cha mrithi. Angalia nguvu ya jina: wenyewe wamekufa Afrika, na mitaa ya Roma inawadai.

Maximinus akavuka milima kuingia Italia, akazuiwa na mji mmoja, Aquileia, kaskazini mashariki. Daraja la mto lilikwisha vunjwa. Askari wakavuka kwa kufunga pamoja mapipa matupu ya mvinyo. Walipofika kwenye kuta za mji wakakuta umejaa chakula ndani, na wao nje hawana kitu, kwa kuwa mashamba yalikwisha kombwa. Siku zikapita. Njaa ikaingia kambini. Sehemu ya askari wale walikuwa wa lejioni ya Pili Parthica, ambao wake na watoto wao waliishi karibu na Roma, kwenye mlima wa Alba, yaani mikononi mwa Seneti. Mchana mmoja wakamwendea Maximinus hemani kwake, wakamuua yeye na mwanawe. Ilikuwa kati ya mwaka huo huo wa 238.

Hawakufunguliwa malango papo hapo. Watu wa Aquileia walitoa juu ya ukuta picha za Pupienus, Balbinus na yule kijana Gordianus, wakawataka wale wenye njaa wazisalimu kwanza. Kisha wakafungua soko pale pale juu ya ukuta, wakawauzia mkate, mvinyo na nguo. Jeshi lililotisha dunia likanunua chakula kwa foleni.

Kwa hiyo ni nani aliyemwangusha Maximinus? Waliomchoma ni askari wake. Aliyewasababishia njaa ni Aquileia. Aquileia ilisimama kwa sababu Seneti ilisimama, na Seneti ilisimama kwa sababu ilikwisha jifunga kwa watu wawili waliokuwa wafu tayari. Katika siku 22 akina Gordianus hawakushinda hata mapigano madogo. Walichofanya ni kuwalazimisha wengine kuchagua upande hadharani, na mtu akichagua hadharani mbele ya dhalimu, uoga wake wenyewe humgeuza mpiganaji.

Utamu haukukaa. Pupienus na Balbinus waliogopana wao kwa wao. Walinzi wa ikulu walipowavamia, Pupienus alitaka kuwaita askari wa Kijerumani waje kuwaokoa, Balbinus akadhani ni njama ya kumpindua yeye. Wangali wanabishana, mlango ukavunjwa. Wazee wawili wakaburutwa mitaani na kuuawa baada ya siku 99 za utawala. Akabaki yule kijana wa miaka 13, Gordianus wa Tatu, Kaisari wa sita wa mwaka mmoja. Alidumu hadi mwaka 244, alipofia katika vita dhidi ya Waajemi. Ile lejioni ya Tatu Augusta iliyoua ukoo wake aliivunja, na jina lake likachongolewa kwenye mawe. Ilirudishwa mwaka 253, na mafundi wakalichonga jina upya, mahali pengine juu ya kovu lile lile.

MWONGO MWENYE KALAMU TAMU

Sisi tunaotamani kuandika tuna jambo letu la pembeni hapa. Yako maandishi ya Kilatini yaitwayo Historia Augusta, yanayojitambulisha kuwa kazi ya waandishi sita tofauti. Mtaalamu Mjerumani, Hermann Dessau, alionesha mwaka 1889 kuwa ni kazi ya mtu mmoja wa karne ya 4 aliyejificha nyuma ya majina sita. Huyo ndiye anayetuambia kuwa Gordianus wa Pili alikuwa na vitabu 62,000 na masuria 22, na kila suria alimzalia watoto watatu au wanne. Edward Gibbon, Mwingereza aliyeandika historia kubwa ya kuanguka kwa Roma, aliifanyia mzaha habari hiyo: watoto na vitabu, vyote vinaonesha kuwa mali haikuwekwa kwa maonesho.

Inachekesha, ila haifai kuaminika. Mwandishi yule hubuni barua, hubuni hotuba, hubuni hata mashahidi. Alikuwa mtunzi wa riwaya aliyezaliwa katika duka la historia. Namwonea wivu kwa kalamu yake, lakini naona alichotufanyia. Mtu aliyekufa akiwa amesimama mbele ya umati wenye mashoka ya jikoni, tunamkumbuka kwa masuria. Uongo mtamu ulikaa mahali pa ukweli mchungu, ukaupiga kiwiko.

Na Herodian, pamoja na ukweli wake, naye ana pengo. Rudi Thysdrus, uwatazame tena wale watu walioingia mjini alfajiri na marungu ndani ya nguo. Faini haikuwa yao. Mizeituni waliyoitunza haikuwa yao. Waliitwa na mabwana zao, wakaja, wakapiga walinzi wenye panga kwa miti, na ndio waliogeuza mauaji ya ofisa mmoja kuwa mapinduzi. Seneti ilipata heshima yake. Mjukuu alipata kiti. Vijana wenye mashamba, kama walipona panga la Capelianus, waliachiwa mashamba yao. Wakulima walichomewa vijiji.

Herodian anatupatia jina la mkuu wa lejioni, jina la mkuu wa walinzi, jina la mkuu wa mji. Hata vijana waliolianzisha hatupi jina la mmoja wao, sembuse watu wa marungu. Wanatajwa mara moja kama umati, kisha wanatoka nje ya ukurasa kimya kimya kama walivyoingia mjini. Malango ya Carthage yale waliyokanyagana watu hayapo tena. Lakini mtu yeyote mwenye daftari na kalamu anaweza kusimama pale, amchukue mmoja tu, ampe jina, ampe mke na deni na shoka, na kuanza kuandika tangu usiku ule alipopokea ujumbe kuwa anatakiwa mjini.